Geji 20, geji 28 au .410? Kuchagua risasi ya marisau kwa ndege wa nyikani na kwa visahani

Jumamosi iliyopita, kabla mama watoto hajarudi kazini, nilipasua risasi tatu kwa kisu juu ya meza ya jikoni. Moja ya geji 20, ganda la njano. Ya pili geji 28. Ya tatu .410, nyembamba kama kalamu ya kuandikia ubao mweupe. Baruti nikaimwaga kwenye kopo la maji, marisau, zile gololi ndogo ndogo za ndani, nikayamimina katika visosa vitatu vya chai, nikachukua mizani ya kupimia unga. Kisosa cha kwanza: gramu 25. Cha pili: 21. Cha tatu: 14. Kijana wangu wa miaka kumi na tatu alikuwa amesimama pembeni. "Baba, kumbe hii ndogo ni nusu tu?"

Nusu na kidogo. Mtoto alilielewa kwa dakika moja jambo ambalo mimi lilinigharimu misimu miwili na majogoo ya fezanti (ndege wa jamii ya kuku, mwenye mkia mrefu) kadhaa yaliyoondoka zao salama, mikia ikipepea.

Naandika haya kwa sababu hapa Iowa, Marekani, kila ikikaribia Oktoba kuna mtu wa kwetu ananipigia simu: kaka, nataka bunduki ndogo, isiyonivunja bega, ya kuwindia ndege na kulengea visahani (vile vya udongo vinavyorushwa hewani), ninunue ipi? Geji 12 tuiweke kando. Hiyo kila mtu anayo na kila mtu anaijua. Tuzungumzie ndogo.

Kwanza namba zenyewe. Aliyewahi kuezeka nyumba hana haja ya kufundishwa: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Mitutu nayo ni hivyo hivyo, namba ikipanda tundu linapungua. Asili yake ni kupima kwa ratili: ukiigawa ratili moja ya madini ya risasi katika gololi 20 zinazolingana, gololi moja inaenea mtutu wa geji 20. Ukiigawa katika 28, umepata geji 28. Ile .410 haimo katika ukoo huo. Namba yake ni upana wa tundu kwa inchi. Ingehesabiwa kwa geji, ingekuwa karibu 67. Namba 6 au 9 utakazoziona jedwalini ni ukubwa wa risau lenyewe: nazo zikipanda, risau linapungua.

| | Geji 20 | Geji 28 | .410 |
|---|---|---|---|
| Upana wa tundu | mm 15.6 | mm 14 | mm 10.4 |
| Marisau, risasi ya visahani | wakia 7/8 (g 25) | wakia 3/4 (g 21) | wakia 1/2 (g 14) |
| Idadi, namba 9 | karibu 510 | karibu 440 | karibu 290 |
| Idadi, namba 6 ya kuwindia | 225 (wakia 1) | karibu 170 (wakia 3/4) | karibu 155 (wakia 11/16, ganda la inchi 3) |
| Kupatikana dukani | rahisi | wastani | kwa bahati |

Kitu kimoja hakionekani kwenye jedwali, nacho ndicho kinachowachanganya watu wengi: mwendo. Zote tatu, kwa risasi za kawaida, hutoka mdomoni kwa kasi inayokaribiana, mita 365 hivi kwa sekunde. Risau halijui limetoka mtutu gani. Risau moja la namba 6 kutoka .410 linampiga ndege kwa nguvu ile ile ya risau la namba 6 kutoka geji 20. Kwa hiyo anayekwambia .410 "haina nguvu" anakosea, na anayekwambia "inaua vilevile" anakosea pia. Tofauti iko kwenye wingu. Geji 20 inarusha wingu lililojaa, .410 inarusha wingu lenye matundu, na fezanti anapita kwenye tundu.

Tena kuna suala la umbo. Mtutu mwembamba unalazimisha marisau yapangwe kwenda juu badala ya kutandazwa. Ukilichungulia ganda la .410 la inchi 3 lililopasuliwa utaona safu ndefu kama kidole. Baruti ikilipuka, marisau ya chini ndiyo yanayobeba uzito wa yote yaliyo juu yake. Yanabondeka, yanapoteza umviringo, na risau lililobondeka haliendi moja kwa moja, linachepuka. Hivyo katika yale 155 si yote yanayokufikia kule unakotaka. Mjomba wangu kule Manyoni alikuwa na gobore, na aliponiona nikimimina marisau mengi alikuwa akinishika mkono: ukishindilia kupita kiasi, mtutu hauongezi nyama, unaongeza kelele. Hakuwahi kusikia habari ya .410, lakini alikuwa ameshaieleza.

Nianze na hiyo hiyo .410, maana ndiyo inayonunuliwa kwa makosa.

Mtu anamnunulia mwanawe .410 ya mtutu mmoja kwa kuwa ni ndogo na mtoto ni mdogo. Yanaonekana yanalingana. Kinachotokea: mtoto anakosa kisahani cha kwanza, cha pili, cha kumi. Wingu lake ni jembamba na hajui kulipeleka mbele ya shabaha. Na kwa kuwa bunduki zenyewe mara nyingi ni nyepesi sana, teke halijaondoka kama baba alivyotumaini. Ikifika saa sita mchana mtoto anaomba simu acheze. Mimi nililifanya kosa hili, wala sioni haya kulisema. Yule mzee wa klabuni kwetu anayenipa ushauri bila kuombwa aliniambia siku ile kuwa .410 ni bunduki ya mtu aliyechoka kupata, si ya mtu anayejifunza kupata. Nilikasirika. Alikuwa sahihi.

Mahali pake halali ni skiti. Mchezo huu ulianzia Andover, Massachusetts, karibu mwaka 1920, wawindaji walipotaka kujinoa kabla ya msimu. Vituo vya kupigia vimepangwa katika nusu duara ambalo nusu kipenyo chake ni yadi 21, yaani mita 19, na visahani hukatiza katikati. Maana yake visahani vingi unavipiga kwenye mita 20 au chini ya hapo. Kwa umbali huo marisau 290 ya namba 9 yanatosha kabisa kuvunja kisahani cha milimita 108, mradi umeyaweka mahali pake. Skiti ya Kimarekani hushindaniwa kwa geji nne, 12, 20, 28 na .410, na kwa wachezaji wakali mara nyingi .410 ndiyo inayotenganisha. Ukikosea sentimita chache na geji 20, kisahani kinakatika kipande. Ukikosea hizo hizo na .410, kinakwenda zake kizima kama hakikuona kitu.

Hapo hapo niseme jambo linalonichekesha: Olimpiki, wanakotumia geji 12, sheria inaweka kikomo cha gramu 24 za marisau. Yaani bunduki kubwa ya Olimpiki inarusha uzito mdogo kidogo kuliko geji 20 niliyoipima kwenye kisosa. Ukubwa wa mtutu ni kitu kimoja, unachokitia ndani ni kingine.

Shambani .410 naikubali kwa sharti. Ganda la inchi 3, lililoletwa na kampuni ya Winchester mwaka 1933 pamoja na bunduki yao ya Model 42, liliongeza marisau, na leo kwa kawaida hubeba wakia 11/16. Kwa tombo wanaoruka mbele ya mbwa mtulivu, mita 15 au 20, inafaa. Kwa fezanti, nikiulizwa, nasema hapana. Fezanti anaondoka akikupa mgongo. Marisau yanatakiwa yapite manyoya, mfupa na matumbo kabla ya kufika penye uhai. Ukimgusa kwa matatu tu ataanguka, atatimua mbio kwenye nyasi, na mbweha ndiye atakayekula chakula chako cha jioni. Siku hizi kuna marisau ya tungsteni, mazito mno, gramu 18 kwa sentimita ya ujazo wakati madini ya risasi ni 11.3, na wawindaji wa bata mzinga wanayasifia kwenye .410. Ni kweli yanafanya kazi. Bei yake ukiiona utarudisha kasha rafuni taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake.

Geji 28 ni habari nyingine, na hapa nakiri nina upendeleo.

Kampuni ya bunduki ya Parker ndiyo iliyoipa nafasi Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu hapo ina washabiki wanaoizungumzia kama dawa ya mganga. Watakwambia inapiga kupita ukubwa wake. Uchawi haupo. Kilichopo ni kwamba wakia 3/4 ndani ya tundu la milimita 14 inakaa vizuri: safu si ndefu, marisau hayabondeki sana, na wingu linafika likiwa sawa. Ongeza kwamba bunduki iliyoundwa kwa geji 28 toka mwanzo, siyo iliyochongewa mtutu mdogo kwenye mwili wa geji 20, ina kiuno chembamba na inabebeka mkono mmoja kutwa nzima. Ukitembea kilomita kumi na mbili kwenye mabua ya mahindi utaelewa kwa nini nusu kilo ni kitu. Ongeza tena kwamba wanaoibeba mara nyingi ni watu wenye uzoefu. Sifa nyingine za geji 28 kwa kweli ni sifa za bega lililoishika.

Mwezi Oktoba, msimu wa fezanti ukifunguliwa hapa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ndege bado ni wageni wa mambo. Wanalala hadi mbwa amewanusa puani. Unampiga akiwa mita 20, 25. Kwa siku hizo geji 28 yenye namba 6 hainiangushi, na kikomo cha majogoo matatu kwa siku nimekifikia nayo zaidi ya mara moja. Desemba ni kitu kingine. Ndege waliobaki ni wale waliojifunza. Wakisikia mlango wa gari ukifungwa wameshaondoka. Wanaruka mita 35, upepo nyuma yao. Hapo 28 naiacha nyumbani.

Kuna watengenezaji sasa wanaotia wakia nzima katika 28, na kuna ganda jipya la inchi 3. Sioni sababu. Ukitaka wakia nzima, geji 20 ipo na inaibeba bila kujikamua.

Basi geji 20. Sina maneno mengi juu yake, na huo ndio uzuri wake. Kama utanunua bunduki moja tu, nunua hii. Duka lolote la vifaa vya uwindaji lina risasi zake. Wakia 7/8 ya namba 9 au 8 kwa visahani, wakia moja ya namba 7½ kwa tombo, wakia moja ya namba 6 kwa fezanti, na umemaliza. Kijana wangu sasa anapiga geji 20 ya kitako kifupi na risasi za wakia 7/8 za mwendo wa chini, na simu haombi tena.

Jihadhari tu na kishawishi cha ganda la inchi 3 lenye wakia 1¼. Mafundi wa bunduki wa Uingereza walikuwa na kanuni kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau inayorusha. Piga hesabu: gramu 25 zinataka bunduki ya kilo 2.4, wakia moja inataka kilo 2.7. Ile wakia 1¼, gramu 35, inataka kilo 3.4, na hakuna anayebeba geji 20 ya kilo 3.4 kwa furaha. Nilipiga risasi kumi za namna hiyo siku moja. Usiku nililalia upande wa pili.

Kwenye bei utashangaa. Kasha la risasi 25 za .410, lenye marisau nusu, karibu kila mara linakuwa ghali kuliko la geji 20. Geji 28 nayo ni hivyo. Sababu ni soko: viwanda vinatengeneza 12 na 20 kwa wingi mno, halafu vinasimamisha mashine na kuzipanga upya kwa ajili ya hizo ndogo kwa muda mfupi. Ulipokuja uhaba wa risasi mwaka 2020 na 2021, 20 ilipungua madukani, 28 na .410 zikapotea kabisa. Ndiyo maana wachezaji wa skiti hukusanya maganda yao na kuyajaza tena nyumbani: fataki mpya, baruti, kikombe cha plastiki, marisau, unabana mdomo. Kwa geji 12 akiba ni ndogo, kwa .410 ni ya maana. Lakini .410 ni ngumu kujaza, kosa dogo la baruti linakuwa kubwa katika ganda dogo. Mwanafunzi asianzie hapo.

Sasa hatari, na hili lisomwe pole pole. Ganda la geji 20 ni la njano kwa makusudi. Viwanda vya Marekani vimelipa rangi hiyo ili lisichanganywe. Risasi ya 20 ikitiwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12 haianguki chini wala haikai. Inateleza ndani na kunasa kwenye mtutu, mbele ya chemba, yaani pale nyuma inapokaa risasi. Unafunga, unafyatua, kimya. Unadhani umesahau kutia risasi. Unatia ya 12, inaingia vizuri nyuma yake. Unafyatua tena na mtutu unapasuka penye mkono wako wa kushoto. Geji 28 ndani ya geji 20 inaweza kufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo mfuko mmoja, geji moja. Ukitoka klabuni ulikopiga mbili, kung'uta fulana ya risasi juu ya meza kabla ya kwenda shambani. Nilishawahi kuikuta 28 moja kwenye mshono wa mfuko, imejificha kama senti.

Na urefu: ule ulioandikwa kwenye kasha ni wa ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Risasi ya inchi 3 ikiwa bado imebanwa mdomo ni fupi zaidi, ndiyo maana inaweza kuingia kwenye chemba ya inchi 2½ ya .410 ya kizamani bila kulalamika. Ikipigwa, mdomo unafungukia pale mtutu unapoanza kubana mbele ya chemba, na shinikizo linapanda. Soma maandishi ya kwenye mtutu. Yakifutika, mpelekee fundi apime.

Kuhusu marisau yasiyo na madini ya risasi: California inayataka kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, na hata hapa Iowa yako maeneo ya umma yanayoyadai. Chuma ni chepesi, kinahitaji risau kubwa, na risau kubwa linahitaji nafasi ambayo .410 haina. Geji 20 inakivumilia. Kwa 28 nunua bismathi, madini mazito kuliko chuma, gramu 9.6 kwa sentimita ya ujazo, na uwe mchoyo nayo.

Kwa wenzetu wapya hapa Marekani: mkaazi wa kudumu hana shida, lakini aliye na viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, sheria ya shirikisho inamzuia kuwa na bunduki na hata risasi, isipokuwa ameangukia kwenye ruhusa maalumu, mojawapo ikiwa kuwa na leseni halali ya kuwindia. Usikubali rafiki akwambie "chukua tu yangu". Ulizia kwanza. Na Iowa, aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972 anatakiwa awe amepita kozi ya uwindaji salama ili anunue leseni. Ukitoka, vaa rangi ya machungwa inayowaka, hata kama mkeo anasema unafanana na koni ya barabarani.

Walioko Tanzania wanaosoma hili kwa ajili ya kanga na kwale: kwenu mjadala ni mfupi. Ndege wanawindwa kwa leseni chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, silaha inamilikiwa chini ya sheria ya 2015, na kwa upatikanaji wa risasi geji 12 ndiyo yenye akili. Tia wakia moja ya namba 6, usitie zaidi, na utakuwa umeipata geji 20 ndani ya geji 12. Kanga ni mkimbiaji mwenye ngozi ngumu. Simpendekezei mtu 28, sembuse .410. Kenya uwindaji wa wanyama kwa mchezo ulifungwa mwaka 1977.

Kabla ya kununua kasha la pili la aina yoyote, fanya jaribio la karatasi. Tandaza karatasi pana ya kufunikia meza kwenye fremu ya mbao, rudi nyuma mita 27, piga mara moja, kisha chora duara la sentimita 76 kuzunguka penye matundu mengi. Chukua kisosa. Ukiweza kukiweka popote ndani ya duara bila kugusa zaidi ya tundu moja au mawili, tombo anapita hapo. Badili choki, yaani ule mbano wa mdomo wa mtutu, au badili risasi, upige tena. Tulifanya hivyo na kijana juzi, karatasi tatu, mitutu mitatu. Ya .410 aliikunja akaibandika ukutani chumbani mwake, kisosa kimechorwa kwa kalamu nyekundu penye uwazi, mara nne.

Rafiki yangu wa Mombasa, ambaye hufunga bunduki kwa bismillahi na hutembea na kisu kidogo ili ndege akiokotwa yu hai achinjwe, aliiangalia ile karatasi kwa muda. Kisha akaniuliza kama nina mpango wa kuiuza ile 28.